Wifi kachukua jina la mwanangu, mkwe anataka Kabula, mi nimebaki na la siri

Shikamoo anti,

Mi ni mdada wa miaka 29, naishi Tabata hapa Dar na mume wangu, ndoa yetu ina mwaka na nusu na sasa hivi nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Ultrasaundi imesema ni wa kike. Nakuandikia saa sita usiku mume kalala, maana hii mada ikianza mchana lazima tununiane mpaka kesho yake.

Naomba nianze na jina langu ndo utanielewa. Kwetu ni Muheza, Tanga. Mama alishikwa uchungu siku mbili, nilipotoka wakaniita Tabu. Sio la utani anti, ndo liko kwenye cheti. Shule ya msingi mwalimu akiita majina akifika kwangu "Tabu?" wavulana wa nyuma wanajibu "ipo mwalimu, ipo nyingi tu!" darasa zima linacheka na mwalimu mwenyewe anacheka. Nilipopata kipaimara nikajichagulia Tabitha na toka hapo kila mtu mpya namwambia naitwa Tabitha, kumbe najichimbia shimo, vyeti vya shule Tabu, kanisani Tabitha, laini ya simu Tabu, kazini walishazoea Tabitha, siku nafuatilia mafao yangu ofisi moja ikanizungusha wiki tatu nikaishia kwa wakili kuapa kwamba Tabu na Tabitha ni mtu mmoja. Niko pale naapa nikasema moyoni mwanangu hatopitia hichi kitu.

Sasa tangu niko fomu tuu nina jina la mwanangu, Ariella. Nililisikia kanisani mhubiri mmoja akilitaja, nikaliandika nyuma ya daftari la bailojia, daftari limechanika jina limebaki. Mwaka jana nikafanya kosa nikamwambia wifi yangu, mdogo wake mume, tukiwa tunasukana. Akaniambia yani zuri hilo wifi. Mwezi wa tatu kajifungua Mwanza, naangalia status yake, "karibu duniani Princess Ariella". Anti nilikaa chini. Nikampigia nikamuuliza kistaarabu tu, akanijibu kwani jina lina hatimiliki? Mume wangu badala ya kunitetea akasema majina si yapo mengi.

Af wiki ile ile nipo kliniki, upande wa pili kuna wamama wanapima uzito watoto, nesi akaita Ariella wakasimama wawili. Nikagundua kumbe hata ningelipata lisingekua la peke yake. Ndo nikakaa nikatengeneza la kwangu mwenyewe, nimechukua kipande cha jina langu na kipande cha mume wangu nikaunga. Nimelitafuta kwenye intaneti halipo popote. Sitaliandika hapa anti naomba unisamehe, safu yako inasomwa na watu wengi na wenye mimba ni wengi. Nikwambie tu lina herufi tisa, y mbili, na h ya mwisho haitamkwi. Nilimwandikia mume kwenye karatasi akalisoma mara mbili, zote kakosea, akasema "hata mimi baba mtu silijui, ticha atalijua?"

Yeye anataka Kabula. Kabula alikua bibi yake mzaa baba, wao ni Wasukuma wa Magu, wazazi wake walipoenda kutafuta maisha mjini yeye alibaki kwa bibi toka ana miaka minne mpaka anamaliza darasa la saba. Bibi kafariki 2019, mi sikumkuta. Namheshimu marehemu ila anti Kabula mwaka huu? Jina la kuuza nyanya mnadani? Af wanasema maana yake ni mtoto wa mvua, natarajia kujifungua mwezi wa nane, mvua gani mwezi wa nane?

Ningeweza kumlainisha mume lakini kaingia mama mkwe. Kapiga simu kwamba bibi kamjia ndotoni mara mbili anaomba maji, na kwamba mtoto asipopewa jina lake atalia usiku na mchana mpaka tumpe. Na kasema hayo majina ya kutunga padri hayabatizi (nimehamia kwao Katoliki). Na kibaya zaidi, hakuniambia mimi. Kamwambia mwanae, mwanae ndo kaniletea kama ripoti, "mama amesema". Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp tayari wananiita Mama Kabula. Mimi! Nikifikiria kuitwa Mama Kabula sokoni, kazini, kanisani mpaka nazeeka, nalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa.

Rafiki zangu mmoja anasema nikajiandikishie jina langu hospitali wakija kushtuka cheti kimetoka. Mwingine anasema nikubali yaishe. Anti nifanyeje? Ni kosa mama kutaka mwanae awe na jina zuri la peke yake?

Mama kijacho, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku wa kulala jicho moja.

Kwanza nikiri nimecheka. Kwa heshima kabisa, nimecheka pale ulipogoma kuniandikia jina. Miaka yote ya hii safu watu wameniandikia siri za ndoa, madeni, watoto wa nje, wewe ndo wa kwanza kunificha jina la mtoto lisiibiwe. Na baada ya kucheka nikakuelewa, maana umeshaibiwa moja, aliyeng'atwa na nyoka hata ung'ong'o unamshtua.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa jina, wewe unataka la kisasa, ukoo unataka la bibi. Mara ya pili nikamwona wifi, yule bado ana nafasi yake kwenye hasira zako kuliko unavyokiri. Mara ya tatu nikamwona mtoto wa shule ya msingi Muheza, kasimama, darasa linacheka na mwalimu anacheka. Sina hakika kama unachagua jina la mtoto atakayezaliwa mwezi wa nane au la huyu aliyesimama pale. Labda ni wote wawili na wala sio dhambi, ila ni vizuri ujue ni nani unayemvalisha.

Kuhusu hilo jina lako naomba nikuulize kitu. Nani alikwambia uliitwa Tabu kwa sababu ya uchungu wa siku mbili? Mama mwenyewe, au ni maneno ya shangazi na majirani ukayaunganisha ukubwani? Nauliza maana wa umri wangu tumekua na kina Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikudhani, Majuto, na kila mmoja alikua na habari yake. Wengine kweli uzazi ulikua mgumu. Wengine baba alikua kafungwa au kakimbia. Na kuna nyumba ambazo watoto walikua wanazaliwa na kufa, anayefuata anapewa jina baya makusudi, ili kifo kikipita kisimtamani. Jina baya lilikua ngao. Sisemi na wewe ilikua hivyo, sijui. Ila kama mama yupo hai, nauli ya Muheza sio kubwa, au hata simu, muulize: mama, siku ile mlipokaa na kunipa hili jina, ilikuaje? Nani alikuwepo? Kulikua na jina lingine? Umebeba jina miaka 29 na kulichukia na umeenda mpaka kwa wakili kwa ajili yake, unastahili kuisikia habari yake nzima kabla hujamtafutia mwingine la kwake.

Sasa hii habari ya jina la peke yake. Mwanangu, mi nilisoma darasa lenye kina Mwajuma watatu, na kwenye mtaa wetu kulikua na Mwanaidi wa kila Idi na Chausiku wa kila usiku, hakuna aliyeona ajabu, jina lilikua linasema umezaliwa lini, na wewe ulikua Mwajuma wa Mzee fulani, inatosha. Wenzetu wa kwa wamisheni walikua wanafungua kalenda ya watakatifu, ukizaliwa siku ya mtakatifu fulani ndo wewe huyo, ndo maana Kilimanjaro na Bukoba kuna bibi zetu kina Gaudensia, Perpetua, Scholastica. Hayo yalikua ya kisasa kupita maelezo! Bibi aliyempa mwanae Scholastica alijiona kama wewe na Ariella yako. Kikaja kizazi cha Uhuru, kikasema hatutaki ya wazungu, tukapata Upendo, Amani, Tumaini, Neema, Imani, Furaha. Miaka ya tisini wakaja kina Doreen, Brenda, Kelvin, Brian. Wakafuata Precious, Gift, Glory, Princess. Na sasa hivi ndo hawa kina Ariella, Eliana, Jayden, na kwa ndugu zetu Waislamu kina Rayyan na Inaya. Jirani zetu Kisumu baada ya 2008 walijaa kina Barack na Michelle, kila mzazi alidhani kafanya jambo la kipekee.

Unaona kinachotokea? Wote mnaotafuta jina lisilo la wengine mnaenda kuwinda pori moja, mnasikiliza mahubiri yale yale na mnasoma kurasa zile zile za majina, mnarudi nyumbani na swala mmoja. Wifi yako hata asingekusikia, inawezekana Ariella angemkuta mwenyewe. Simtetei. Kukuuliza kuhusu hatimiliki ilikua jeuri na jibu la mumeo lilikua la mtu anayetaka kumaliza maneno aangalie mpira. Ila kinachouma pale, nadhani, sio jina kuchukuliwa, ni kwamba ulimfungulia moyo mtu ukiwa umekaa kati ya magoti yake anakusuka. Hilo mwambie siku moja, yeye, sio kwenye grupu. Sio lazima iwe kabla ya kujifungua.

Turudi Magu. Umeandika "Kabula mwaka huu?" na "jina la kuuza nyanya mnadani". Nikakaa nalo. Kwanza wauza nyanya tuwaache, ndo wametusomesha wengi wetu. Pili hebu fanya hesabu za kliniki yako: nesi kaita Ariella wamesimama wawili. Angeita Kabula wangesimama wangapi pale Tabata? Ukitaka jina ambalo darasa zima hapo mjini hamna mwenzake, unaweza ukawa unalikataa ndo hilo hilo. Sikwambii ulichukue. Nakwambia tu kigezo chako cha kwanza, la peke yake, hakimtupi Kabula nje. Kinachomtupa nje ni kingine, ni sauti yake masikioni kwako, unasikia ushamba, unasikia wavulana wa nyuma wanacheka. Lakini wavulana wale walikua wanacheka maana ya neno kila mtu alijua. Kabula watoto wa Dar hawajui maana yake, watauliza, na mtoto atajibu ni mvua. Sijui kama mvua inachekwa.

Tena majina yanabadilika ladha. Mwalimu Nyerere, jina la baba yake, Nyerere, kwa Kizanaki ni viwavi, mzee alizaliwa mwaka wa viwavi kuvamia mashamba. Viwavi! Leo ni uwanja wa ndege. Na yeye Mwalimu hakuanza kuitwa Kambarage, alianza Mugendi, maana yake mtembezi, wakaenda kwa mganga akashauri wambadilishe, wakampa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja 1943 akibatizwa kijana mkubwa. Kwahiyo na kule Butiama kulikua na kikao cha jina, na mama aliyelala akiwaza kama wewe.

Na mvua ya mwezi wa nane, hapo nimekukubali, ni hoja nzuri ya kubishana na mumeo usiku. Ila atakwambia jina la kurithi halingoji mawingu, mtoto anaitwa Kabula kwa sababu bibi alikua Kabula, bibi ndo alizaliwa mvua inanyesha. Kama mnataka kufuata majira, Wasukuma hao hao wana Limi, kutokana na jua. Nimelitaja tu, herufi nne, haina y.

Upande wa pili wa Kabula nao usiufumbie macho, na hapa naongea na wewe kama mwanamke aliyeolewa. Jina la kurithi linakuja na mzigo. Mkweo anaweza akamwita mwanao "mama", akamwona marehemu karudi, kila akikunja uso utaambiwa ndo bibi alivyokua, na wewe mwenye mtoto ukajikuta mgeni kwenye mapaja yako mwenyewe. Kuna wanaolifurahia hilo, linawapa watoto ukoo mzima wa kuwalinda. Kuna waliolichukia mpaka leo. Wewe ungekua wapi? Usinijibu haraka.

Kitu kingine. Kabula alikua mama mkwe wa mama mkwe wako. Umeliona hilo? Huyu mama naye aliolewa akaingia kwenye huo mji, akazaa, na kuna mtu alikaa akawapa wanawe majina. Nani? Aliulizwa? Labda Kabula alimpenda kama mwanae ndo maana anamwota. Labda alimtawala na yeye hakuwahi kuchagua hata jina moja, anapitisha alichopitishiwa. Huyo mama ana jibu ambalo hajawahi kuulizwa. Ningekua wewe ningempigia mwenyewe, bila mumeo katikati, shikamoo mama, naomba unisimulie kuhusu bibi Kabula. Usitaje jina la mtoto kabisa. Msikilize. Unaweza ukakata simu bado hutaki, sawa, ila ukishamsikiliza yeye mwenyewe huletewi tena ripoti ya "mama amesema".

Ndoto sitaijadili, ni ya mwenye kuota. Habari ya mtoto kulia mpaka apewe jina nimeikuta makabila mengi, wengine wanaamini kabisa, na mi nimelea wanne, wote walilia, wa majina ya bibi na wa majina ya magazeti. Mtoto akilia sana muangalie tumbo na umpeleke hospitali kwanza.

Padri naye. Zamani ilikua lazima jina la mtakatifu, ila kanuni za Kanisa Katoliki za 1983 zinataka tu jina lisiwe geni kwa imani ya Kikristo. Hazisemi Kabula hapana, wala hazisemi lako hapana. Nendeni parokiani muulize, msipangiwe na simu.

Haya, sasa lako la siri. Nalisema kwa upole. Kulitunga sio kosa, kila jina kuna mtu alilisema mara ya kwanza, na hilo lina wewe na mumeo ndani yake, ni zuri wazo lake. Swali langu ni hizo y mbili na hiyo h. Wewe umeapa mbele ya wakili kwa ajili ya Tabu na Tabitha. Mtoto mwenye jina la herufi tisa ambalo baba yake kalikosea mara mbili, ataliandikisha wapi lisikosewe? Nesi wa tangazo la kizazi ataandika anavyosikia. Mwalimu wa chekechea ataandika anavyosikia. Cheti cha ubatizo hivyo hivyo. Herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, akifika umri wa kitambulisho cha taifa anaanza safari uliyoisafiri wewe, na akitaka kulibadilisha kabisa ukubwani ni wakili, ni hati ya kubadili jina, ni kusajili, ni mpaka tangazo kwenye gazeti la serikali. Jaribu hivi: mpigie mtu asiyejua chochote, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike akutumie. Fanya kwa watu watano (chagua wasio na mimba). Wakileta tano tofauti umejua. Pengine ukilivua hizo herufi za mapambo, likaandikwa linavyotamkwa, litabaki lile lile na hata mkweo ataliita.

Njia ya katikati zipo. Kuna wanaoweka moja kwenye cheti na lingine la nyumbani, Kabula anakua Kabula kwa bibi yake na shuleni ni mwingine. Inafanya kazi vizuri nyumba nyingi, ila wewe unajua mtu akiwa na majina mawili moja linaweza kumezwa na lingine, na ukoo ukishaanza Kabula, la cheti litabaki la kwenye cheti. Kuna wanaoyaweka yote mawili kwenye cheti kabla ya jina la baba, hapo shida ni fomu, nyingi zina nafasi za majina matatu, la nne linaangushwa, leo hili kesho lile, na tumerudi kwa wakili. Kuna wanaokubaliana huyu achague baba na anayefuata achague mama, ila hiyo ni ahadi ya mtoto asiyekuwepo, na wa kwanza ndo anayekupa jina la kuitwa.

Maana hilo nalo umelisema mwenyewe na nadhani ndo kidonda. Mama Kabula. Kwetu mwanamke akizaa anabatizwa upya, mimi naitwa Mama Furaha mwaka wa 34 huu, kuna majirani wamezikwa hawajui jina langu. Wewe ulikua unaingoja hiyo siku, utupe Tabu yako na uwe Mama kitu kizuri ulichokichagua mwenyewe kwa mara ya kwanza, na ghafla grupu la WhatsApp limekuchagulia tena. Umepewa jina bila kuulizwa mara mbili. Ningekua wewe na mi ningelilia bafuni.

Je mumeo analijua hilo? Anajua hutaki Kabula, sawa. Anajua habari ya wale wavulana wa nyuma? Anajua kwa wakili ulijisikiaje? Na wewe unajua alichofanyiwa na huyo bibi toka ana miaka minne, usiku akiumwa nani alimbeba, ada na madaftari yalitoka wapi? Barua yako imempa bibi mistari miwili na y imepata mitatu. Nadhani nyie wawili mnabishana majina mkiwa hamjasimuliana. Chagueni jioni moja, simu zizimwe, kila mtu asimulie ya kwake bila kutaja jina la mtoto, na mwombe mumeo jambo moja tu kwa sasa, aliambie grupu lisubiri. Hilo ni la kwake kulifanya, ni ndugu zake.

Yule rafiki wa kukwambia ujiandikishie kimya kimya hospitali, mpende ila usimfuate kabla hujafikiria siku ambayo mumeo atakishika hicho cheti. Na yule wa kukubali yaishe, muulize kwake yaliisha?

Muda mnao. Miezi miwili ya mimba, na kuandikisha kizazi kuna siku 90 baada ya kujifungua. Wapo wengi tu waliofika wodini na majina matatu kwenye karatasi, wakamwangalia mtoto, wakatoka na la nne.

Mpigie mama Muheza kwanza. Kula, lala, acha kuandika barua saa sita usiku na mimba ya miezi saba. Ukijifungua salama niandikie mstari mmoja tu, jina sio lazima ulitaje, na kama ni lile lenye y mbili siri yako iko salama kwangu, hata silijui.

Anti yako